UPS Yako Inategemea Betri ya Mwaka 1859

Ulinunua UPS, ukaiweka chini ya meza, ukachomeka kompyuta, taa ya kijani ikawaka. Mwaka wa kwanza umeme ukikatika ilikuwa inapiga piii, piii, unapata muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Mwaka wa tatu umeme unakatika, inapiga piii moja tu, halafu kimya. Kurasa ulizoandika tangu asubuhi zimekwenda na maji. Kinachoudhi zaidi ni kwamba taa ilikuwa ya kijani mpaka dakika ile.

Hapo wengi husema, "UPS za siku hizi ni feki." Feki zipo, hatukatai. Lakini hata ile halisi, ya bei kubwa, ukiiacha bila kuiangalia itakufanyia hivyo hivyo. Ili uelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 160, kwa sababu kitu kinachobeba mzigo wote ndani ya lile boksi ni kizee kuliko kompyuta, kuliko simu, kuliko hata balbu.

Mabamba mawili ndani ya tindikali

Mwaka 1859 mwanafizikia Mfaransa, Gaston Planté, alichukua mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha, akayakunja pamoja kama mkeka na kuyatumbukiza kwenye tindikali ya salfuriki. Akapitisha umeme, kisha akaona kwamba mabamba yale yanaweza kuurudisha. Betri zilizokuwepo kabla yake zilikuwa za kutumia na kutupa. Hii ilikuwa ya kwanza kuchajiwa upya na kufaa kwa kazi halisi.

Kinachotokea ndani si kigumu. Betri ikitoa umeme, sehemu ya tindikali inajishika kwenye mabamba na kuwa salfeti ya risasi, na kimiminika kinabaki kuwa chepesi, karibu na maji. Ukichaji, salfeti inaachia, tindikali inarudi kuwa kali. Shika jambo hili moja, tutalihitaji: ukali wa tindikali unakuambia betri ina chaji kiasi gani.

Betri ya Planté ilikuwa na kasoro. Ilibidi ichajiwe na kumaliza chaji mara nyingi sana kabla haijaanza kubeba umeme wa maana. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alipata njia ya mkato: kuyapaka mabamba rojo la oksidi ya risasi. Kuanzia hapo betri ikawa bidhaa ya kiwandani. Betri ya UPS yako imetengenezwa kwa wazo hilo hilo.

Chumba cha betri na mtunzaji wake

Kama ulikulia kwenye nyumba yenye simu ya mezani, unakumbuka kioja kimoja: umeme ukikatika mtaa mzima, simu bado inafanya kazi. Umeme wake haukutoka nyumbani kwako. Ulitoka kwenye kituo cha simu, ambako kulikuwa na chumba kizima cha betri za risasi. Mpangilio uliozoeleka ni seli 24 za volti 2 kila moja, jumla volti 48. Betri zilikuwa zimeunganishwa muda wote na chaja upande mmoja na mitambo ya simu upande mwingine. Umeme wa nje ukipotea hakuna swichi ya kuhamisha, kwa sababu betri ilikuwa kazini tayari.

Mfumo huo ulisifika kwa kutokufa. Je, betri zake zilikuwa za ajabu? Zilikuwa kubwa na nzito, ni kweli. Mwaka 1970 wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani walieleza hata seli ya umbo la mtungi, yenye mabamba ya duara yaliyopangwa kama sahani, waliyoibuni kwa lengo la kudumu zaidi ya miaka 30.

Lakini kulikuwa na kitu cha pili kisichoandikwa kwenye lebo ya betri: mtu. Kituo kilikuwa na fundi aliyeingia chumbani kwa ratiba, na kile kichupa cha kioo chenye mpira wa kunyonyea ambacho mafundi wa betri za magari wanacho mpaka leo. Ananyonya tindikali, anasoma ukali wake, anaandika kwenye daftari. Maji yakipungua anaongeza. Mitungi mingi ilikuwa ya kioo, hivyo aliona kwa macho uchafu unaojikusanya chini. Seli ikianza kudhoofika alijua mapema, akaibadilisha bila mteja yeyote kusikia.

Kwa hiyo sifa ile ya simu kutokufa ilikuwa ya wawili: betri na mtunzaji wake.

Betri iliyozibwa

Sasa, betri ya namna ile huwezi kuiweka sebuleni. Inatoa haidrojeni inapochajiwa, inapungua maji, na ukiilaza inamwaga tindikali. Wavumbuzi walitafuta njia ya kuifunga.

Mwaka 1957 Mjerumani Otto Jache, wa kampuni ya Sonnenschein, aliigandisha tindikali ikawa kama uji mzito. Kisha mwaka 1972 John Devitt na Donald McClelland, wa kampuni ya Gates kule Denver, Marekani, waliomba hataza ya njia nyingine: tindikali inanyonywa na mkeka wa nyuzi laini za kioo uliobanwa katikati ya mabamba. Ujanja wake ni kwamba oksijeni inayozaliwa upande mmoja inapita kwenye vitundu vya mkeka, inafika bamba la upande wa pili na kurudi kuwa maji. Betri inajirudishia maji yake yenyewe. Ikabaki vali ndogo tu ya kutoa gesi shinikizo likizidi.

Ndiyo hiyo betri nyeusi au ya kijivu yenye ukubwa wa tofali dogo iliyomo kwenye UPS nyingi za nyumbani: volti 12, saa-ampea 7. Wauzaji wakaiita betri isiyohitaji matunzo. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Betri hii haihitaji kuongezwa maji, lakini kuzeeka inazeeka kama zile za zamani. Risasi ya bamba chanya bado inaliwa na kutu. Maji bado yanapotea kidogo kidogo. Tofauti ni kwamba sasa huwezi kupima ukali wa tindikali, na huwezi kuona ndani. Madirisha yote mawili ya yule fundi yamezibwa.

Dirisha lililobaki ni volti, na volti inadanganya. Betri iliyopoteza nusu ya uwezo wake, ikiwa kwenye chaja, itakuonyesha volti 13.6 kama iliyo mpya. Taa ya kijani ya UPS nyingi za bei nafuu inakuambia tu kwamba umeme wa ukutani upo. Habari za afya ya betri haina.

Ilivyofika chini ya meza

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza. Mwaka huo huo wahandisi watatu kutoka Maabara ya Lincoln ya MIT walianzisha kampuni ya APC. Lengo lao la mwanzo lilikuwa umeme wa jua. Fedha za serikali ya Marekani kwa shughuli hizo zilipokauka wakageukia kulinda kompyuta, na mwaka 1984 wakatoa UPS yao ya kwanza. Waliona vizuri: kompyuta zilikuwa zinaingia maofisini na majumbani, na kila moja ilihitaji chumba chake kidogo cha betri.

Ila wale waliokuwa wanapiga hesabu hizo waliishi kwenye nchi ambako umeme hukatika mara chache. UPS ya nyumbani ilibuniwa kwa maisha hayo: betri ikae imejaa karibu mwaka mzima, ifanye kazi dakika chache, kisha irudi kupumzika. Haikubuniwa kuendesha kompyuta jioni nzima. Tufanye hesabu. Kompyuta na monita yake vikila wati 200, betri ya volti 12 inatakiwa kutoa karibu ampea 20, ukijumlisha na upotevu wa kugeuza umeme. Ukigawa 7 kwa 20 unapata dakika 21. Lakini ile 7 ilipimwa betri ikitoa ampea 0.35 kwa saa 20. Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha tangu 1897 kwamba betri ya risasi ikikamuliwa kwa kasi inatoa jumla ndogo zaidi. Hivyo tegemea kama dakika kumi, tena ikiwa mpya.

Joto na mgao

Haya, tuilete Afrika Mashariki. Kwanza joto. Umri ulioandikwa kwenye betri, tuseme miaka mitano, umehesabiwa kwa nyuzijoto 20 au 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi zinakata umri wa betri hadi nusu, maana kutu na ukaukaji ni mambo ya kikemia na joto huyaharakisha. Kwenye nyuzi 35 ile mitano inakuwa miwili na nusu. Na hapo hatujahesabu joto la transfoma iliyo ndani ya boksi hilo hilo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye betri yake imekufa mwaka wa tatu hajaibiwa. Betri imekufa kwa wakati wake.

Pili, mgao. Mwaka 2006 Tanzania Bara ilipita kwenye mgao mkali baada ya ukame kupunguza maji ya mabwawa ya kuzalisha umeme. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme Mei na Juni 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa hitilafu kwenye njia inayoleta umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari. Katika hali kama hizo UPS inamalizwa chaji kila siku, na betri hizi zikimalizwa kabisa huhimili mizunguko 200 hivi tu. Mbaya zaidi ni ikiachwa tupu. Ile salfeti laini iliyoshika kwenye mabamba inageuka fuwele ngumu, na fuwele hizo hazikubali tena kuachia. Umeme ukirudi unachaji betri ambayo sehemu yake imeshakuwa jiwe.

Ikifa inakwenda wapi?

Betri zinazokufa haraka maana yake ni risasi nyingi zaidi mtaani. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu hiyo kwenye udongo na damuni. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aliongoza mapambano yao, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa hiyo betri iliyokufa usiitupe jalalani wala kumpa mtu wa kuipasua uani. Duka linalokuuzia mpya liulize kama linapokea ya zamani, na inapelekwa wapi.

Mtunzaji ni wewe

Wenye UPS za bei kubwa watasema zao zinajipima kila wiki mbili. Vizuri, lakini jaribio hilo ni la sekunde chache. Linakamata betri iliyokufa, halikamati kirahisi inayoelekea kufa. Kazi ya yule fundi wa chumba cha betri bado ipo, na haina mwingine wa kuifanya. Bahati nzuri ni nyepesi:

- Siku unayoweka betri, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika.
- Siku ya pili, ikishajaa, chomeka monita na taa badala ya kompyuta. Zima swichi ya soketi ukutani, bila kuchomoa plagi ili waya wa ardhi ubaki, na uhesabu dakika mpaka UPS izime. Andika namba hiyo pia. Kisha washa soketi mara moja ichaji.
- Rudia kila miezi sita, kwa mzigo ule ule. Dakika zikishuka chini ya asilimia 80 ya zile za kwanza, anza kutafuta hela ya betri. Zikishuka hadi nusu, hiyo UPS ni pambo.
- Iweke mahali penye hewa. Umeme ukikatika, hifadhi kazi, zima kompyuta, kisha zima na UPS yenyewe. Usiiache ijikamue mpaka mwisho kwa ajili ya kuchaji simu.
- Ukinunua betri, angalia imetengenezwa lini. Iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuwa jiwe kabla hujailipia.
- Ukiona imevimba, usiitumie hata siku moja zaidi.

Jaribio lenyewe linakula nusu saa hivi, mara mbili kwa mwaka. Kama kuna tasnifu kwenye hiyo kompyuta, fanya la kwanza wiki hii. Ila hifadhi kazi kwanza, tafadhali.