Kamera Isiyopiga Hodi

Kamera nyingi za siku hizi zina taa ndogo mbele, nyekundu au ya rangi ya machungwa, ambayo huwaka kitambo kidogo kabla ya picha kupigwa. Kazi yake si kung'arisha sura. Kamera inayojirekebisha yenyewe hutafuta mahali weusi na weupe vinapokutana. Gizani haipaoni, ndipo huomba msaada wa taa. Lakini anayepigwa naye huiona, akageuza uso. Kwa hivyo wenye kupiga kwa siri huizima, na watengenezaji wenyewe wamewawekea njia ya kuizima.

Tarikhi ya jambo hili ni kongwe kuliko taa yenyewe. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi wenye kulipuka kwa mwanga mkali. Haukupita muda, Jacob Riis, mwandishi wa magazeti mjini New York, akawa anaingia nao usiku katika vyumba vya mafukara. Watu wakishtuka usingizini, chumba kimejaa moshi. Alipata hata kuunguza nyumba. Kitabu chake cha 1890 kiliwafumbua macho wengi juu ya makazi ya maskini, na fadhila hiyo tusimnyime. Lakini wale waliolala hakuna aliyewauliza.

Kisha mwaka 1924 kiwanda cha Ernemann cha Dresden kilitoa Ermanox, kamera ndogo yenye lenzi pana, hata ikawezekana kupiga picha ndani ya nyumba kwa taa za kawaida, pasi na unga wala moshi. Aliyeipatia umaarufu ni Erich Salomon, Myahudi wa Berlin aliyezaliwa 1886, daktari wa sheria. Mwaka 1928 aliificha ndani ya kofia iliyotobolewa, akapiga picha mahakamani katika kesi ya mauaji. Mwaka 1930 huko The Hague, mawaziri wakijadili fidia ya vita ya Ujerumani, aliwapiga usiku wa manane wamechoka, wengine wamesinzia vitini. Mwaka 1932 aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani, mkono umefungwa kitambaa kama uliovunjika, kamera imo ndani.

Kwa mawaziri mimi simlaumu. Aliyebeba amana ya mataifa, watu wana haki ya kumwona alivyo. Kwa mshtakiwa moyo wangu unasita, kwani mtu yule yumo taabuni wala hajahukumiwa. Salomon mwenyewe alihamia Uholanzi Hitler alipotawala, na mwaka 1944 aliuawa Auschwitz.

Walker Evans, Mmarekani, kati ya 1938 na 1941 alipanda treni za chini ya ardhi za New York, kamera imepakwa rangi nyeusi isimetemete, lenzi ikichungulia baina ya vifungo vya koti. Abiria waliokaa mbele yake hawakujua. Alingoja hadi 1966 ndipo akatoa kitabu. Kungoja kule nakuhesabu kuwa ni haya, ingawa si idhini.

Kwetu Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na hodi tumefundishwa tangu utotoni. Taa ile ndogo, hata kama hakuna aliyeikusudia hivyo, ilikuwa hodi.

Harusini kwetu wanawake hukaa peke yao, mabuibui yamewekwa kando, na siku hizi wenye nyumba wengine hukusanya simu mlangoni. Moja ikapenya. Binti wa watu alipigwa akicheza. Haikuwaka taa yoyote, na kabla ya alfajiri picha ilikuwa imefika kwa wanaume. Mama yake alinijia. Nikaanza kumweleza dhambi ya aliyepiga na ya aliyeeneza. Akanikata: "Sheikh, hayo nayajua. Nimekuja unisaidie zifutike."

Nilikaa kimya, sikuwa na la kumjibu.