Kiatu Chenye Manyoya Pande Mbili: Mvuto wa Video za Nyimbo za Ajabu na Mapokeo ya Meru na Embu

Utangulizi

Wengi wetu tunaofundisha lugha na fasihi tumezoea kuzitazama video za nyimbo za ajabu kwa jicho la dharau. Nakusudia zile ambazo picha zake haziandamani na maneno ya wimbo, ambamo vitu visivyopatana huwekwa pamoja, na mambo yasiyowezekana huonyeshwa kana kwamba ni ya kila siku. Vijana wa Meru na Embu, kama wenzao wa kwingineko nchini Kenya, huzitazama na kuzirudia. Sisi husema mambo mawili juu yao: kwanza, kwamba wanapenda upuuzi usio na maana, pili, kwamba ladha hiyo imetoka ng'ambo. Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo mawili kwa mizani ya historia. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika mapokeo ya sehemu hizi picha ya ajabu ni swali, na kwamba mvuto wake umo katika kulijibu.

Masharti ya Mbwaa

Tuanze na masimulizi ya asili ya Wameru, ambayo yamechapishwa na wataalamu kadha, miongoni mwao Bernardo Bernardi katika kitabu chake juu ya Mugwe (1959), na baadaye Jeffrey Fadiman. Husimuliwa kwamba mababu wa Wameru waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, wakatawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwadai vitu visivyokuwapo duniani. Walitaka kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Walitaka tunda litolewe shimoni bila kuguswa kwa mkono. Baadhi ya wasimulizi hutaja pia mbwa mwenye pembe. Mwishowe walitaka mkuki wa kufika mbinguni.

Mahali ilipokuwa Mbwaa pamebishaniwa sana na wanahistoria, nasi hatuna haja ya kuingia katika ubishi huo. Linalotuhusu ni umbo la masimulizi. Msomaji mwenye haraka ataona hapa orodha ya ndoto tu. Lakini masimulizi hayaishii katika picha. Kiatu kilipatikana kwa kukata ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe, ambayo ina manyoya kila upande. Tunda lilielea lenyewe shimo lilipotiwa maji. Mkuki wa mbinguni haukupatikana, na hapo ndipo watu walipokata shauri la kutoroka. Ajabu, basi, haikuwa pambo la hadithi. Ilikuwa mtihani, na aliyeshindwa alilipa. Mswahili akitegwa kitendawili akashindwa, hutoa mji. Watu wa Mbwaa waliposhindwa, waliuhama mji wao.

Kibuyu cha Gicaandi

Mfano wa pili unatukaribisha zaidi kwenye video, kwa kuwa ndani yake picha na muziki hukutana. Nao ni gicaandi, utungo wa majibizano wa Wagikuyu, majirani wa Waembu. Inafaa kukumbuka kwamba Ndia na Gichugu, ambako Kigikuyu husemwa, zilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu mpaka mwaka 1963. Mpaka kati ya jamii hizi haukuwa ukuta. Mwimbaji wa gicaandi alishika kibuyu chenye mbegu ndani, akakitikisa huku akiimba. Juu ya kibuyu hicho zilichorwa alama, nazo zilifungamana na mafumbo ya utungo wake. Kibuyu cha aina hiyo kilikwisha kuelezwa na W. S. Routledge na mkewe Katherine mwaka 1910. Na katika siku zetu Kimani Njogu ameuchunguza utungo wenyewe kwa mapana, akisisitiza upande wake wa majibizano. Watungaji wawili walitegana mafumbo mbele ya umati, na aliyeshindwa alinyang'anywa kibuyu chake. Hapa tena fumbo liliwavuta watu kwa sababu lilingojea jibu, na kwa sababu palikuwa na kitu cha kupotezwa.

Ajabu ya Paris

Sasa tuligeukie dai la pili, kwamba ladha hii ni ya kigeni. Ni kweli kwamba Ulaya ina mapokeo yake ya picha za ajabu. Mwaka 1924 André Breton alitoa ilani ya wasanii wa Paris waliotaka sanaa iifuate ndoto. Mwaka 1929 Luis Buñuel na Salvador Dalí walionyesha filamu fupi iitwayo Un Chien Andalou, maana yake mbwa wa Andalusia, na ndani yake mbwa huyo hayumo. Buñuel alieleza baadaye kwamba waliikataa kila picha iliyoweza kufafanuliwa kwa akili. Ajabu hiyo imefungwa mlango: haitaki jibu, na hujivunia kutolitaka. Mbwa wa Mbwaa ni tofauti. Wanaomtaja husema kwamba alibandikwa pembe za mnyama mwingine, na swali likawa limejibiwa.

Tangu mwaka 1981, televisheni ya MTV ya Marekani ilipoanza, video za nyimbo zimeazima mengi kutoka Paris. Yumkini picha nyingi zinazowafikia vijana wetu zina nasaba hiyo. Lakini nasaba ya picha si lazima iwe nasaba ya namna ya kuitazama.

Kisa cha Makmende

Ushahidi ulio wazi zaidi hautoki Meru wala Embu, bali Nairobi. Nautumia kwa kuwa majibu ya watazamaji wake yanajulikana. Mwezi wa Machi 2010 kikundi cha Just A Band kilitoa video ya wimbo wao Ha-He. Shujaa wake, Makmende, amevaa na kutenda kama watu wa filamu za mapigano za miaka ya 1970, na huwashinda wahalifu kwa namna isiyosadikika. Jina hilo lilikuwa neno la watoto wa mitaani, lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza aliyoyasema Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983; walimwita hivyo mtu anayejifanya shujaa.

Basi malighafi ilikuwa ya kigeni. Lakini watazamaji hawakuishia kutazama. Katika siku chache walikuwa wakishindana kutunga sifa za Makmende, kila mmoja akitafuta lisilowezekana kupita la mwenzake, wengine wakichora sura yake juu ya majalada ya magazeti. Habari hizo zikafika hata katika vyombo vya habari vya ng'ambo. Wamarekani nao walikuwa na mzaha wa jinsi hiyo juu ya mwigizaji Chuck Norris, na sidai kwamba waliomsifu Makmende walizijua habari za Mbwaa. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba video hiyo ilipokewa kama fumbo lililotegwa, na kwamba kilichoipa nguvu ni majibizano.

Hitimisho

Ikiwa hoja hii inakubalika, basi kosa letu si dogo. Tumezihukumu video pasipo majibu yake, kama mtu akusanyaye vitendawili akayaacha majibu njiani. Majibu hayo hutolewa kwa Kimeru, Kiembu, Kiswahili na Sheng, mara nyingi kwa mdomo, na hupotea upesi. Picha huhifadhiwa na mashine. Vicheko na mabishano ya waliozitazama havihifadhiwi na yeyote. Mwaka 1986 H. S. K. Mwaniki alitoa kitabu juu ya aina za nyimbo na ngoma za jadi za Waembu, na kwa kazi hiyo mengi yaliokolewa. Kazi inayofanana na hiyo inazingojea sasa idara za lugha, hasa zile zilizo karibu na watazamaji hawa, huko Chuka, Meru na Embu. Wajao watazikuta picha nasi hatupo, nao watauliza watu wa zamani zetu waliona nini ndani yake. Tusipokuwa tumeacha jibu, tutadaiwa mji.