Tarehe ya Wachoraji Wawili wa Maporomoko

Ubundu, mji uliokaa juu ya maporomoko saba, pale ambapo mitumbwi iliyotoka Kasongo ililazimika kusimama na mizigo kupanda vichwani mwa wapagazi, uliitwa Ponthierville wakati wa Wabelgiji, kwa jina la afisa wao aliyefariki mwaka 1893 katika vita vya kuwaondoa Waarabu. Na mwaka 1906 ukaunganishwa kwa reli, yapata kilomita 125, na mji ambao leo ni Kisangani.

Kabla ya reli hiyo, mwaka 1887, Hamed bin Muhammed, mwenye lakabu ya Tippu Tip, alipokuwa liwali wa maporomoko hayo, msafiri Stanley aliwaacha Yambuya, kando ya mto Aruwimi, Waingereza kadhaa wamngojee, na miongoni mwao walikuwamo wawili waliojua kuchora: James Sligo Jameson na Herbert Ward.

Jameson, mtaalamu wa ndege na wadudu, mwaka uliofuata alipanda mto hadi Kasongo kutafuta wapagazi. Katika marejeo, huko Riba-Riba, alitoa vitambaa sita vya mkononi, na msichana mmoja akauawa na kuliwa mbele ya macho yake. Mkalimani Assad Farran alimtuhumu. Naye, katika barua aliyoiandika kujitetea, akadai kuwa alidhani ni mzaha, lakini akakiri kwamba jioni ile alikaa akayachora aliyoyaona. Agosti 1888 homa ilimwua huko Bangala, na mwaka 1890 mjane wake akaichapisha shajara yake.

Ward, aliyezaliwa London mwaka 1863 na kuingia Kongo mwaka 1884, alirudi salama, akatoa kitabu chenye michoro ya mkono wake mwenyewe, kisha akahamia Ufaransa na kufinyanga sanamu za shaba za watu wa Kongo, hadi alipofariki mwaka 1919. Mirathi yake ya sanamu na vyombo ikapelekwa Washington, katika makumbusho ya Smithsonian.

Watu husema kwamba mchoraji ni shahidi, na ni kweli. Ila shahidi naye huhojiwa mahali aliposimama. Mkono uliotoa vitambaa ndio ulioshika kalamu, na hakuna ustadi wa mstari uwezao kuitenganisha michoro ile na bei yake.