Mboni Inayong'aa Nyeupe

Saratani inaweza kumpofusha mtoto kwa kuota ndani ya jicho lenyewe. Ugonjwa huo huitwa retinoblastoma. Mwaka 1809 daktari mpasuaji wa Scotland, James Wardrop, aliueleza, akashauri jicho litolewe mapema kabla haujaenea. Wakati huo wapasuaji walikuwa bado hawana dawa ya usingizi. Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alieleza kwamba huanza kwa hitilafu mbili katika jeni. Basi si uchawi wala kijicho. Ukigunduliwa mapema, maisha huokolewa, na mara nyingine hata jicho. Mama, baba, ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kama ya paka usiku, au amepata makengeza, usingoje. Mpeleke hospitali leo.