Vumawimbi na Panga ya Watoro

Atokaye Konde kwenda Rasi Kigomasha, kaskazini magharibi ya Pemba, hupita kwanza katika kivuli cha Msitu wa Ngezi. Humo mna mivule mirefu, na mna mpapindi, mti wa jamii ya mnazi usioota kiasili popote duniani ila Pemba. Msitu unapokwisha, macho hupokewa na weupe wa mchanga: ufukwe mrefu wa Vumawimbi, upande wa mashariki wa rasi. Upande wa pili, utazamao mkondo wa Pemba, pana ufukwe uitwao Panga ya Watoro. Jina la kwanza lataja sauti ya bahari. La pili lataja watu.

Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani. Kijani cha Pemba kingalipo, bali si kile cha asili. Katika karne ya 19 misitu ya vilimani ilifyekwa, na mahali pake ikapandwa mikarafuu, mti mgeni uliofika Zanzibar mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala ya karafuu.

Karafuu haijichumi. Kila kichala huchumwa kwa mkono, kikachambuliwa, kikaanikwa juani. Mikono iliyofanya kazi hiyo, na iliyofyeka msitu kabla yake, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani kwa zaidi ya miaka 24. Hata amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 haikumwacha huru kila mtu kwa siku moja: aliyetaka uhuru ilimpasa kwenda kuudai mbele ya mahakama.

Hapo ndipo jina la ufukwe wa magharibi linapodai kusikilizwa. Neno panga kwa Kiswahili ni pango kubwa, na pia ni chuma cha kufyekea. Watoro, hata hivyo, ni neno lisilo na utata: ni waliokimbia. Jina halisemi walikuwa wangapi, wala walimkimbia nani, wala kama walisalimika. Vitabu vya hesabu za mashamba vilihifadhi frasila za karafuu. Lugha ya wenyeji ilihifadhi neno moja juu ya watu waliokataa. Neno hilo limekaa kando ya msitu mkubwa wa mwisho uliobaki Pemba.

Kwa nini Ngezi ikabaki? Mkarafuu hupenda udongo wa kina wenye rutuba, na sehemu ya Ngezi imekaa juu ya mchanga wa kale uliokwisha kufuliwa na mvua, ambao mkulima hautamani. Si ajabu basi kwamba unyonge wa mchanga ulikuwa ndio ngao ya msitu. Leo zaidi ya hekta 1,400 zimo katika hifadhi, na Zanzibar ina sheria ya misitu ya mwaka 1996. Popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwingineko, waliwindwa hadi karibu kutoweka. Wanakijiji walipokubali kuwalinda, waliongezeka tena, nao ndio wasambazao mbegu za miti ya msitu.

Lakini ufukwe mweupe siku hizi una wachumba wengi, na hoteli zimekwisha fika rasini. Sheria huhesabu hekta na miti. Majina hayamo katika hesabu yake. Msitu ukifyekwa, Vumawimbi itavuma vile vile, maana bahari haimhitaji mtu. Panga ya Watoro litabaki jina kwenye ramani, na mtoto atakayeuliza watoro hao walijificha wapi hatakuwa na mti wa kuoneshwa.