Jinsi ya kupima shamba la umbo la trapeza na kuligawa bila dhuluma

Katika vilima vya kaunti za Kericho na Bomet, mashamba mengi ya majani chai ya wakulima wadogo huanzia barabarani na kuteremka hadi mtoni, na upana wa juu haulingani na wa chini. Umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni sambamba huitwa trapeza. Kutojua kulipima huwatia wengi hasarani, hasa warithi wanapogawana ardhi.

Kanuni

Jumlisha urefu wa pande mbili sambamba, ugawe kwa mbili, kisha uzidishe kwa kimo. Kimo ni umbali baina ya pande hizo, uliopimwa kwa pembe mraba. Sababu ni kwamba trapeza mbili zinazolingana, moja ikipinduliwa na kuunganishwa na mwenzake ubavuni, huunda msambamba ambao kitako chake ni jumla ya pande hizo mbili. Trapeza moja ni nusu yake.

Chukua mfano wa shamba lenye mita 60 barabarani, mita 100 mtoni na kimo cha mita 90. Jumla ya 60 na 100 ni 160, nusu yake ni 80, na 80 mara 90 ni mita mraba 7,200. Hiyo ni hekta 0.72, au takriban ekari 1.78. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 1.22 kwa 0.76, shamba hilo huingia miche ipatayo 7,765.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kupima mpaka ulio mshazari badala ya kimo. Ikiwa mipaka ya kando ya shamba hilo inalingana, kila mmoja una mita 92.2. Ukitumia kipimo hicho utapata mita mraba 7,376, yaani ziada ya mita mraba 176 ambazo hazipo.

Kosa la pili ni kulaza kamba juu ya mteremko. Ramani huonyesha umbali wa mlalo. Ardhi inaposhuka mita 20 katika kila mita 100 za mlalo, kamba iliyolazwa juu ya udongo itasoma karibu mita 102. Yafaa kupima kwa vipande vifupi, kamba ikiwa imenyooshwa sawasawa bila kufuata mteremko.

Kugawana sawa

Ndugu wawili wakilikata shamba hilo katikati ya kimo, mita 45 kutoka barabarani, mstari wa mpaka utakuwa na mita 80. Wa juu atapata mita mraba 3,150 na wa chini 4,050. Tofauti ya mita mraba 900 ni takriban miche 970. Ili sehemu zilingane, mpaka huo sharti uwe yapata mita 50.5 kutoka barabarani.

Lakini kuna njia iliyo rahisi zaidi. Mstari ukivutwa kutoka katikati ya upande wa barabara hadi katikati ya upande wa mto, kila mmoja hupata trapeza yenye pande za mita 30 na 50, ambayo ni mita mraba 3,600 kamili. Isitoshe, kila mmoja hubaki na njia ya kupeleka majani barabarani, na hakuna anayelazimika kupita shambani mwa mwenzake.

Hesabu hizi hazichukui nafasi ya mpima ardhi aliyeidhinishwa. Mgawanyo wa ardhi ya kilimo pia huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, chini ya sheria ya mwaka wa 1967. Hata hivyo, familia inayofika huko ikijua vipimo vyake itaweza kuutambua mpaka usio wa haki kabla vigingi havijapigwa.