Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakati wa msukosuko wa uchumi wa Tanzania

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (kifupi: SUA) ni chuo kikuu cha umma kilichopo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, takriban kilomita 200 magharibi mwa Dar es Salaam. Kilianzishwa tarehe 1 Julai 1984 kwa sheria ya Bunge namba 6 ya mwaka huo. Kilikuwa chuo kikuu cha pili nchini Tanzania na cha kwanza kuwekwa nje ya Dar es Salaam.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kuanzisha vitu vipya. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni au kwa magendo, na serikali haikuwa na fedha za kigeni za kutosha kununulia mafuta, vipuri na dawa. Makala hii inaeleza jinsi chuo kilivyozaliwa katika hali hiyo, kilichangia nini katika uchumi wa mkoa wake na wa nchi, na wapi mchango wake ulikwama.

Msukosuko wenyewe

Uchumi wa Tanzania ulianza kuyumba katikati ya miaka ya 1970. Ukame wa 1973 na 1974 ulipunguza mavuno wakati uleule bei ya mafuta ilipopanda duniani, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Bei nzuri ya kahawa mwaka 1976 na 1977 ilileta nafuu ya muda mfupi tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikabidi ijijengee upya mashirika yake ya reli, bandari na ndege. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha nyingi, na kabla havijasahaulika bei ya mafuta ikapanda tena.

Kwa mkulima, msukosuko huu ulikuwa kama mduara. Bei aliyolipwa na bodi ya mazao ilikuwa ndogo, kwa hiyo alilima zao la biashara kidogo zaidi au aliliacha kabisa. Mazao yalipopungua, fedha za kigeni zilipungua. Fedha za kigeni zilipopungua, vipuri vya malori na mafuta havikupatikana, hivyo hata yale mazao machache yaliyovunwa yaliweza kukaa kijijini yakioza. Vyama vya ushirika, ambavyo zamani viliyakusanya, vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa 1982. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980.

Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wale walioitwa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wafichaji wa bidhaa. Msako huo uliongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuo kikuu kilichoanzishwa Morogoro chini ya miezi mitatu baadaye kilipewa jina lake.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya kurekebisha uchumi. Thamani ya shilingi ilishushwa sana. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa takriban shilingi 17 mwanzoni mwa 1986, ilizidi shilingi 200 mwaka 1991. Kwa chuo kinachotegemea vifaa vya maabara kutoka nje, maana yake haihitaji maelezo.

Kutoka chuo cha stashahada hadi chuo kikuu

Chuo hakikuanza bila msingi. Mwaka 1965 kilifunguliwa Morogoro chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha pamoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, na aliyetaka udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970, kile cha Morogoro kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu kipya cha Dar es Salaam na kikaanza kutoa shahada. Masomo ya misitu yaliongezwa 1974, na ya udaktari wa mifugo 1976.

Kwa hiyo sheria ya 1984 haikujenga majengo mapya. Ilikipa kitivo kilichokuwapo mamlaka yake: baraza lake, bajeti yake, na uhuru wa kupanga masomo na utafiti bila kusubiri uamuzi wa Dar es Salaam. Wanafunzi walikuwa mia chache tu.

Hata hivyo palikuwa na swali zito. Tangu 1977 nchi ilikuwa katika mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na shule hazikuwa na vitabu wala chaki. Aliyefundisha miaka ile hajasahau kugawa daftari moja kwa masomo mawili. Je, ilikuwa haki kutumia fedha kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu wakati fedha hizo zingesomesha watoto wengi wa shule ya msingi? Benki ya Dunia, katika waraka wake wa 1988 kuhusu elimu katika Afrika kusini mwa Sahara, ilisisitiza kulinda elimu ya msingi na kuwataka wanafunzi wa vyuo vikuu wabebe sehemu ya gharama zao. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Upungufu wake ni kwamba ilipima faida ya elimu zaidi kwa mshahara wa mhitimu, na mshahara hauonyeshi faida anayopata mkulima aliyepata mbegu bora bila kumjua mtafiti aliyeichagua.

Mji wa viwanda na chuo chake

Katika miaka ya 1970 serikali iliichagua Morogoro kuwa mji wa viwanda. Kiwanda kinachotajwa zaidi katika vitabu vya uchumi ni Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, robo tatu vikiuzwa Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, jambo la ajabu kwa joto la Morogoro. Mashine ziliharibika na vipuri havikupatikana. Kiwanda hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na uzalishaji ulisimama mwaka 1990.

Kiwanda na chuo vilikuwa katika mji mmoja na vilipitia miaka ileile migumu. Chuo nacho kilikosa kemikali, mafuta na vitabu. Tofauti ni kwamba kiwanda bila vipuri hakitoi kitu, lakini mtafiti wa kilimo mwenye shamba, jembe, mvua na wanafunzi anaweza bado kulinganisha aina ishirini za maharage na kuandika ipi imeugua na ipi imezaa. Chuo hakikuweza kuokoa viwanda vya mji wake, wala hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Maharage

Kazi ya SUA inayoonyesha vizuri zaidi jambo hili ni uzalishaji wa mbegu za maharage. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kushirikiana na watafiti wa Marekani, hasa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Maharage ni protini ya mnyonge, na katika sehemu nyingi za Tanzania ni zao linaloshughulikiwa zaidi na wanawake. Mavuno yake yalikuwa madogo kwa sababu ya magonjwa ya majani, virusi na wadudu, na mkulima mdogo hakuwa na fedha za kununua dawa hata pale dawa zilipokuwapo dukani.

Mwaka 1990 chuo kilitoa aina iliyoitwa SUA 90, inayovumilia magonjwa kadhaa na kuzaa vizuri bila dawa nyingi. Walaji na wafanyabiashara, hata hivyo, wanapenda maharage mekundu, na SUA 90 si nyekundu. Somo hilo lilizingatiwa: mwaka 1997 ilitolewa aina nyekundu, Rojo.

Kuna sababu ya kibiolojia iliyofanya maharage yafae wakati wa shida. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu inayovunwa hubaki karibu sawa na ile iliyopandwa. Mama aliyepata kilo moja ya mbegu nzuri anaweza kutenga sehemu ya mavuno kwa msimu ujao na kumgawia jirani. Mahindi ya chotara hayako hivyo: lazima yanunuliwe upya kila msimu, na mbegu ikirudiwa mavuno hushuka. Katika miaka ambayo kampuni ya mbegu ya serikali ilikuwa ikidhoofika na ruzuku ya mbolea ikiondolewa (iliondolewa hatua kwa hatua kuanzia 1991), aina ya zao inayosafiri kwa kikapu kutoka nyumba hadi nyumba ilikuwa na nafasi ambayo zao la kutegemea duka halikuwa nayo. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole. Mbegu za namna hiyo huchukua miaka kuvuka wilaya moja, na mwenye duka hana faida ya kuzitangaza.

Mbuzi wa Mgeta na panya wa mashambani

Mgeta ni tarafa ya milimani katika Uluguru yenye miteremko mikali, watu wengi na mashamba madogo ya mboga zinazouzwa Morogoro na Dar es Salaam. Ng'ombe ni shida kumfuga huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chuo, kwa msaada wa Norwei, kilipeleka kwa wakulima mbuzi wa maziwa wenye asili ya nchi hiyo. Mbuzi hufungiwa bandani, huletewa majani, hutoa maziwa ya watoto na samadi ya bustani. Samadi ilikuwa na thamani ya pekee kadiri mbolea ya dukani ilivyopanda bei.

Utafiti mwingine ulihusu panya wa shambani, ambao hufukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa na kumlazimisha mkulima apande tena. Watafiti wa Morogoro na wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walionyesha kwamba mvua za vuli zikizidi kawaida, panya huanza kuzaliana mapema na mlipuko wao unaweza kutabiriwa. Ni kutokana na ujuzi huo wa panya kwamba shirika la APOPO lilihamia SUA mwaka 2000 kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, vimelea vya kifua kikuu.

Mabwana shamba

Mchango mkubwa kuliko yote huenda ni watu. Kabla ya 1970 nchi ilitegemea wahitimu wachache kutoka Makerere na Nairobi pamoja na wataalamu wa kigeni. Wahitimu wa Morogoro ndio waliojaza nafasi za maofisa kilimo wa wilaya, madaktari wa mifugo, maofisa misitu na walimu wa vyuo vya kilimo. Mwaka 1988 chuo kiliunda Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza, iliyotoa kozi fupi kwa mabwana shamba na mabibi shamba waliokuwa tayari kazini. Mwaka 1998 ilianza shahada maalumu ya elimu ya kilimo na ugani kwa watumishi wenye uzoefu, kwa msaada wa mfuko wa Sasakawa.

Hapa ndipo mchango ulipokwama zaidi. Mpango wa kurekebisha uchumi ulipunguza watumishi wa serikali katika miaka ya 1990 na kuzuia ajira mpya. Serikali ilikuwa mwajiri wa karibu kila mhitimu wa kilimo, na sekta binafsi ya kuwapokea ilikuwa bado changa. Bwana shamba aliyebaki kazini mara nyingi hakuwa na pikipiki wala mafuta ya kumfikisha kijijini. Vilevile daktari wa mifugo alikuta majosho makavu, kwa sababu dawa ya kuogeshea ng'ombe inatoka nje, huku ndigana ikiua ndama. Chuo kilimaliza kazi yake ya kufundisha, na daraja kati yake na mkulima likawa limevunjika.

Nani alilipa

SUA ilivuka miaka hiyo kwa misaada ya nje kwa kiasi kikubwa. Norwei ilisaidia masomo ya misitu tangu miaka ya 1970. Marekani, Ubelgiji na wengine walifadhili miradi mbalimbali. Bila fedha hizo maabara zingefungwa. Lakini mfadhili huja na mada yake na muda wake, na mradi wa miaka minne ukiisha shamba la majaribio huota magugu. Kwa upande wao, wahadhiri walifanya kama watumishi wengine wa mijini ambao mshahara haukuwafikisha mwisho wa mwezi: walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba.

Kuanzia mwaka wa masomo 1992/93 wanafunzi wa elimu ya juu nchini walianza kuchangia gharama kwa awamu. Mwaka huohuo wa 1992 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikabidhi kwa Tanzania makazi na shule yake ya Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mahali hapo pakawa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, na chuo kikapata kwa mpigo madarasa na nyumba ambazo kisingeweza kujijengea kwa bajeti ya wakati ule.

Vyuo vikuu vingine vya umma nje ya Dar es Salaam vilifuata baadaye sana, uchumi ulipokuwa umetulia: Mzumbe, pia mkoani Morogoro, mwaka 2001, na Dodoma mwaka 2007.